Kurasa Kumi na Moja za Kreyo

Mume wangu alikufa wiki ile mji ulipobadilisha mikono. Watu wakisikia hivyo wanafikiri risasi. Apana. Alikufa kwa tension, presha ya damu. Dawa zake ziliisha Jumatatu, maduka ya dawa yalifungwa mpaka Jumamosi, na yeye hakufika Jumamosi. Nayasema haya mapema ili yasinisumbue mbele. Tulimpeleka Walungu, kwao, tukamzika kwenye kilima cha baba yake, na mimi sikulia. Mashemeji walinitazama. Shangazi yao mmoja alisema kwa sauti, ili nisikie, kwamba mwanamke huyu ana moyo wa jiwe. Siyo jiwe, nilitaka kumwambia. Ni ganzi. Mguu ulioukalia vibaya unauona, unajua ni wako, lakini ukiufinya hausemi kitu.

Nikarudi Bukavu. Shule niliyofundisha biolojia miaka kumi na tisa ilikuwa imeporwa. Walichukua mikroskopi zote mbili, wakachukua milango, wakachukua hata skeleti ya plastiki. Sijui mtu anafanya nini na skeleti nyumbani kwake. Vitabu vyangu vilikuwa vimetumika kuwashia moto wa kupikia. Niliangalia jivu, nikasema bon, nikaenda kununua maharagi.

Ndiyo maana pasta mmoja wa mtaa wetu alipokuja kuniomba nifundishe watoto wake nyumbani, nilikubali bila kuuliza kitu. Yeye na mke wake walikuwa wamewatoa watoto wao wanne shuleni miaka mingi kabla ya vita, kwa sababu shule, walisema, inafundisha mambo ya dunia. Mtaa uliwacheka. Waliwaita watoto wale ba-salon, watoto wa sebuleni. Kisha shule zikafungwa, watoto wa mtaa mzima wakabaki wanazurura kwenye matope, na ba-salon peke yao wakawa wanasoma. Waliocheka wakanyamaza.

Mkubwa wao alikuwa msichana wa miaka kumi na saba, mrefu, mkimya, anayetaka udaktari. Alilitaka jambo hilo kwa namna ya kutisha kidogo. Sasa, kwetu mtoto asiye na shule anaandikishwa kuwa autodidacte, yaani mtu aliyejifundisha mwenyewe. Kwanza anafanya jaribio la kuchuja. Akilipita, miezi baadaye anakaa kwenye Examen d'État, mtihani wa taifa, pamoja na watoto wengine wote wa nchi. Akianguka pale, hakuna diploma, na bila diploma hakuna chuo kikuu kitakachomfungulia. Mlango ulikuwa huo mmoja. Alijua yeye, nilijua mimi, baba yake pia alijua.

Tulipofika sura ya mwisho ya programme ya biolojia, ile ya viumbe kubadilika, pasta akaniita pembeni.

"Maman prof, hiyo chapitre ya evolution, iko lazima?"

"Iko mu programme, pasta. Banaiulizaka."

Akasema atafikiri. Siyo mtu mbaya, niseme wazi, kwa maana ninaona hadithi hii inavyokwenda na sitaki mumchukie. Alikuja mpaka Walungu kwa matanga ya mume wangu, na mimi wala si wa kanisa lake. Kila jioni baada ya masomo alinisindikiza mpaka kwenye portail, lango la ua wao, na mvua ikinyesha alinishikia mwavuli yeye akilowa. Siku mbili baadaye alirudi na jibu.

"Tuliomba, mimi na maman ya batoto. Ufundishe. Lakini baandike na kreyo."

"Kreyo?"

"Mambo ya kweli tunaandikaka na biki. Hii bataandika na kreyo. Examen ikipita, tunafuta."

Mimi ni Mkatoliki wa misa ya saa kumi na mbili asubuhi, na padri wetu hana ugomvi na nyani. Zamani ningecheka mpaka machozi. Ningemwuliza, pasta, na mzunguko wa damu, Mungu aliuandika kwa biki ya rangi gani? Nilikuwa na ulimi, mimi. Marehemu alikuwa akiniita redio isiyozimwa. Lakini siku ile nilisema sawa tu, nikafunga mkoba wangu.

Kwetu notes ndiyo kila kitu. Mwalimu anasoma, mtoto anaandika, na kisichoandikwa hakipo. Kichwa cha somo kwa biki nyekundu, maneno mengine kwa biki ya bluu, mstari wa rula chini ya kila kichwa, na usiku wa mtihani mtoto anaikariri kaye yake, daftari zima, mpaka koma. Siku ya kwanza ya chapitre ile, maman ya nyumba aliweka mezani kreyo nne zilizochongwa vizuri, akarudi jikoni bila kunitazama. Pasta aliomba. Alimwomba Mungu ajenge ukuta katikati ya masikio ya watoto na mioyo yao. Tukasema amina, mimi pia, nikaanza kusoma.

Nilifundisha vibaya. Sauti yangu ilitoka kama ya mtu anayesoma matangazo ya vifo. Viumbe hubadilika, koma, kizazi baada ya kizazi, nukta. Kitabu sikuwa nacho, yote yalitoka kichwani. Watoto wadogo waliandika juu juu, kwa woga, wakiangalia mlango. Msichana mkubwa peke yake aliandika kwa nguvu, mara mbili akavunja ncha. Alijaza kurasa kumi na moja. Nilizihesabu wakati wa kusahihisha, bila sababu, namna mtu anavyohesabu ngazi.

Mara moja tu niliamka, na ilikuwa kwa ajili ya sambaza, dagaa wa kwetu. Nilikwenda sokoni Kadutu kutafuta chakula, nikamkuta mama mmoja anauza sambaza kavu wa ziwa letu, na jirani yake anauza samaki wa Tanganyika waliopanda kwa njia ya Kamanyola. Nikamwomba huyu wa pili anichagulie wale walio wa ukoo mmoja na sambaza. Alinitazama kama nimerukwa na akili, kisha akanichagulia, kwa maana muuza samaki anajua samaki kuliko professeur yeyote. Kesho yake nikaweka sahani mbili mezani na rula katikati. Kavu kwa kavu, ili nisidanganye mtu.

Niliwaambia kile wazee wa ziwa wanachosimulia: kwamba zamani ziwa letu halikuwa na sambaza hata mmoja, kwamba Wazungu waliwachota Tanganyika wakawaleta ndani ya mapipa na kuwamwaga hapa. "Hawa na hawa ni ndugu," nikasema. "Pimeni."

Walipima. Wa kwetu walikuwa wafupi.

"Juu ya nini?" akauliza msichana.

"Maji ya huku ni mengine, chakula ni kingine. Pengine ni njaa tu. Pengine hata damu imeanza kubadilika. Mimi sijui, na ninyi musiseme munajua. Lakini mumeona na macho: walihamishwa, na hawakubaki vile walivyokuja."

Mdogo kabisa, wa miaka minane, alimwinua mmoja kwa mkia. "Donc sambaza ni ba-déplacés!"

Wakimbizi! Ee, walicheka! Mlango wa chumba ulikuwa wazi, nikamsikia pasta naye akicheka huko ndani, kisha akakohoa kama mtu aliyekumbuka kazi yake. Siku ile hakuna aliyeandika hata neno moja. Tulisahau. Maman ya nyumba aliwachukua ndugu wa sahani zote mbili, akawapika na nyanya katika chungu kimoja.

Jaribio la kuchuja likafika, msichana akalipita. Maswali ya evolution yalikuwemo, akayajibu yote. Nyumba ile ilifurahi, acha. Walichinja kuku, nikaalikwa Jumamosi mchana. Tulikula bugali, kuku na sombe, tukaletewa chai. Kisha pasta akaagiza meza ipanguswe, akaweka katikati gome mpya ya kufutia kreyo, nyeupe, bado iko kwenye karatasi yake.

"Mungu ametupitisha," alisema. "Biologia imepita. Sasa tufute, moyo ukuwe safi."

Nilielewa mara moja kosa lake liko wapi. Yeye alisoma chuo cha Biblia, na kule ukishapita kozi umeipita, hawakuulizi tena mpaka kufa. Alifikiri serikali nayo inauliza kila somo mara moja. Hakuniuliza kwa sababu hakujua kwamba kuna cha kuuliza. Na kila mwalimu wa nchi hii anajua kwamba jaribio lile ni kizingiti tu. Examen d'État yenyewe inarudia yote upya, na kaye ile ilikuwa kitabu pekee ambacho mtoto alikuwa nacho.

Nilijua. Nilikuwa nimekaa pale, kikombe mkononi, nikijua.

Wadogo walimaliza haraka, kwao ulikuwa mchezo. Mdogo kabisa alipuliza takataka za gome mpaka kwenye sukari, akakemewa. Msichana alifuta polepole, ukurasa mmoja mmoja, kwa sababu aliandika kwa nguvu na maneno yalikataa kutoka. Baba yake alimshikia kaye isiteleze. Akainua macho kunitazama. Nilifikiri anataka nimsogezee kopo la sukari. Akainua mara ya pili. Mara ya tatu nilielewa vizuri kwamba hatazami sukari.

Maneno yalikuwa manne tu. Pasta, examen iko mbele. Mtoto wa darasa la kwanza angeweza kuyasema. Na sikuogopa, musinitetee kwa hilo. Pasta angeshtuka, angenishukuru, angeirudisha gome kwenye karatasi yake. Sikuwa na chuki pia. Sikuona sababu ya kufungua kinywa, ndiyo hivyo. Mtu wangu mwenyewe alikufa nikihesabu vidonge vilivyobaki, na nilipiga kelele kwenye kila duka la dawa lililofungwa, na kelele hazikufungua mlango hata mmoja. Baada ya hapo kelele zilinitoka mwilini. Nilikunywa chai yangu, nikaomba ya pili.

Miezi iliyofuata nilikwenda nyumbani mule mara tatu kwa juma. Tulirudia kemia, fizikia, urithi, uzazi wa mimea. Tulipofika mahali pa chapitre ile tuliipita, kama mtu anayeruka mfereji, na kuanza inayofuata. Yeye hakuniuliza. Mimi sikumwambia. Ningeweza kumfundisha upya kwa mdomo, hata tukitembea njiani, hata bila kaye. Sikufanya. Nilikuja, nikasoma, nikasindikizwa mpaka portail, nikaenda kulala.

Akafanya Examen d'État. Tukangoja.

Siku ya matokeo mtaa uligeuka mweupe. Musiojua kwetu, mtoto akipata diploma wanammwagia poda kichwani mpaka anafanana na mtu aliyetoka kinuni, na kila anayemkumbatia anachafuka naye. Filimbi, pikipiki zikipiga honi, akina mama wakicheza na vitenge begani katikati ya barabara. Nilipita katikati yao nikiwa na nguo nyeusi, nikafika kwa pasta bila chembe ya poda. Mbele ya nyumba hapakuwa na mtu.

Pasta alikuwa amekaa kwenye kiti cha mgeni, ndani ya salon yake mwenyewe. Aliinuka aliponiona.

"Kuvunjika kwa koleo siyo mwisho wa uhunzi, maman prof," alisema. Alikuwa bado hajui kosa la gome, wala kwamba mimi nililijua.

Msichana nilimkuta nyuma, anaosha sahani. Nilimwambia pole. Akasema aksanti, maman. Nikamwuliza ilikuwa ngumu wapi, kwa sababu mwalimu ni mwalimu, hata kwenye matanga atauliza marehemu alikosea namba gani.

"Biologia," alisema. "Ya evolution ilikuwa maswali sita. Nilijibu moja, ile ya wanyama benye walihamishwa. Juu ya sambaza."

Somo lile tulilosahau kuandika. Hakuna gome iliyolifikia.

Akapangusa mikono kwenye kitenge chake, taratibu, kidole kwa kidole. "Ile siku ya gome, mi nilikuangalia. Nilikuwa najua examen iko mbele. Lakini siwezi kumukosoa papa mbele ya batoto. Nilikuwa nangojea wewe useme."

Hakusema kwa hasira. Bora angesema kwa hasira, ningejua pa kushika. Akarudia sahani zake.

Siwezi kuapa kwamba alianguka kwa sababu ya kurasa zile. Examen haikuandikii barua ya maelezo. Pengine kemia nayo ilimkata. Lakini maswali matano ni maswali matano, na yote matano nilikuwa nimeyanywa na chai.

Nilitoka nikapanda ngazi za udongo zinazokwenda kwangu. Katikati nikakaa. Wale waliowahi kukalia mguu wanajua: ganzi ikiwapo haiumi. Inauma ikianza kutoka. Nililia pale kwenye ngazi, mchana kweupe, mwanamke mzima, kamasi mpaka kidevuni. Nilimlilia mtoto wa watu, nikamlilia mume wangu, sijui nilianza na nani. Mama mmoja aliyebeba makala ya kupikia alishusha gunia lake, akainama kunitazama usoni.

"Mutoto ameanguka?"

"Ndiyo."

"Ee, pole. Na wa kwangu." Akajitwika tena, akaendelea kupanda.

Kesho yake nilikwenda kwa pasta kabla ya chai ya asubuhi. Sikukaa. Nilimwambia kwamba siku ile alipoweka gome mezani nilijua examen haijafanyika na itayauliza yote upya, na kwamba nilinyamaza.

"Ulikuwa unajua?"

"Nilikuwa najua."

Alitazama meza. Ilikuwa meza ileile, kitambaa kilekile cha plastiki chenye maua. "Mimi nilikosea kwa kutojua," alisema mwishoni. "Wewe, maman, ulijua."

Akaishia hapo. Nilikuwa nimejitayarisha kwa kelele, hata kwa kufukuzwa. Ningependa anifukuze, ningepumzika. Alisema tu kwamba masomo yataanza tena Jumatatu, mutoto atajaribu mara ya pili mwaka kesho. Kisha akakaa. Nilitembea mpaka kwenye portail peke yangu, nikaifungua mwenyewe, na kufuli lake ni gumu. Sikuwahi kujua hivyo.

Jumatatu nilikuta watoto wanne mezani, na kreyo tatu. Mbele ya msichana palikuwa na biki ya bluu. Sijui nani aliiweka. Maman ya nyumba alikuwa jikoni, pasta alikuwa amesimama mlangoni, nami sikuuliza habari ya biki. Pasta aliomba kwa ufupi. Safari hii sikusikia habari ya ukuta. Hakurudi chumbani, alivuta kiti akakaa nyuma ya wanawe.

Msichana akafungua kaye ya zamani. Nilidhani atatafuta kurasa safi, lakini alikwenda moja kwa moja kwenye zile kumi na moja. Karatasi ilikuwa imechakaa na kuwa ya kijivu, mahali pengine gome ilikuwa imetoboa. Akaweka rula, akapiga mstari.

Nikaanza kusoma. Viumbe hubadilika, koma. Sauti ilinitetemeka kama ya mwanafunzi wa ualimu, nikaacha. Wote waliinua vichwa, hata baba yao.

"Nikikosea mahali," nilimwambia msichana, "usininyamazie. Sema."

"Na wewe, maman," akajibu, na akainama kuandika.